Shajara ya kamusi: wiki saba na neno rusticus

12 Januari

Herufi Q imekwisha, leo tumeingia R. Nimeanza na maneno yanayoonekana mepesi ili jioni nisilale mikono mitupu. Rusticus, rustica, rusticum: kivumishi kilichotoka kwenye rus, shamba, kwa kiambishi kilekile kilichozaa domesticus kutoka domus, nyumba. Kwenye jedwali nikaandika "-a shamba, mshamba". Dakika kumi, nikasonga mbele.

Kwa anayeifungua shajara hii leo: tunatunga kamusi ndogo ya Kilatini kwa Kiswahili, ya vijana wanaoanza Kilatini seminarini. Tuko wawili. Mimi riziki yangu naipata kwa kusahihisha miswada ya watu, na Padri ndiye aliyenifundisha Kilatini tangu kidato cha kwanza, na mpaka leo hajaacha kunisahihisha. Kanuni yetu ni moja: fasili haipakwi rangi ya kijani kwenye jedwali mpaka wanafunzi waitumie kutafsiri sentensi halisi na isiwaangushe.

15 Januari

Imewaangusha.

Nilipeleka maneno ishirini darasani kwa Padri, kidato cha tatu. Kwa kuwa vijana wanasoma biolojia pia, nikachanganya humo majina ya kisayansi ya viumbe wanaowaona kila siku. Mojawapo Hirundo rustica. Kijana wa dawati la mbele akasimama, akatazama karatasi ya fasili niliyowagawia, akasoma kwa sauti ya kengele: "Mbayuwayu mshamba." Darasa zima likavunjika mbavu.

Nje ya dirisha, juu ya waya wa umeme, walikuwa wamejipanga wenyewe: koo la rangi ya kutu, mgongo wa buluu iliyoiva, mkia wenye panda mbili ndefu. Ni wageni wetu wa kila mwaka. Huzaliana Ulaya na Asia, baridi ikianza kule wanashuka kwetu, na masika yakikolea wanakuwa wameshaanza safari ya kurudi. Ndege anayevuka Sahara mara mbili kwa mwaka anaitwa mshamba na kijana ambaye hajawahi kutoka nje ya mkoa.

Ikabidi nieleze. Mwaka 1758 Msweden Carl Linnaeus aliwapa majina ndugu wawili kwa mpigo. Mmoja, Hirundo rustica, hujenga kiota chake cha tope ndani ya mabanda na mazizi ya ng'ombe. Wa pili, mwenye kiuno cheupe, hujenga nje chini ya mapaa ya nyumba, akamwita Hirundo urbica. Siku hizi amehamishiwa jenasi nyingine na anaitwa Delichon urbicum. Hapo hakuna tusi wala sifa. Huyu wa shamba, yule wa mjini, basi.

Kijana mmoja mkimya wa nyuma akanyoosha mkono. "Kwa hiyo mwalimu, kwenye Kilatini ukiitwa rusticus, umetukanwa au hujatukanwa?"

Nikamjibu kwamba inategemea. Jibu la uvivu, na alijua ni la uvivu, maana alikaa chini bila kuandika chochote. Nimerudi nyumbani nikafuta rangi ya kijani.

19 Januari

Nimeamua kuanza na shina, rus lenyewe, kabla ya kugusa kivumishi tena. Na hapa nimekuta kitu ambacho sijui kwa nini hatukukiona miaka yote ile darasani.

Kilatini kinataka kihusishi mtu anapokwenda mahali: in urbem, kwenda mjini. Lakini yako maneno machache yanayokataa kihusishi. Majina ya miji yanakataa: Romam eo, nakwenda Roma. Domus inakataa. Na rus inakataa: rus eo, nakwenda shamba, ruri sum, niko shamba, rure venio, natoka shamba. Walimu wa Kilatini huliita jambo hili upekee wa kukariri, kitu kisichofuata kanuni, na vijana wanalikariri kwa uchungu.

Sasa sikiliza Kiswahili. Naenda mjini, naenda sokoni, naenda kanisani. -Ni, -ni, -ni. Lakini naenda Moshi, bila -ni. Na mama yuko wapi? "Ameenda shamba." Hakuna -ni. Ukisema "yuko shambani" umenionyesha shamba fulani, lenye mipaka na mahindi yake, nikienda nitamkuta ameinama na jembe. Ukisema "yuko shamba" umeniambia upande wa dunia aliko. Unguja ndiyo kabisa: shamba ni kila kisichokuwa Mjini, hata pakiwa pwani penye madau na nyavu, pasipo mche hata mmoja.

Rus nayo ni hivyohivyo. Ni shamba la mtu fulani, na ni upande mzima wa dunia usiokuwa mji. Vijana wanaokariri upekee wa rus wanao tayari mdomoni tangu utotoni. Nimemwandikia Padri ujumbe mrefu. Amejibu kwa neno moja: "Optime", vizuri sana. Kwa wanaomjua, hiyo ni sikukuu.

22 Januari

Umeme umekatika baada ya saa nne za kazi, na jedwali halikuwa limehifadhiwa. Vidahizo kumi na viwili, yaani maneno pamoja na fasili zake, vimepotea. Rusticus imesalimika kwa sababu ilikuwa bado kwenye daftari. Kuanzia leo daftari kwanza, kompyuta baadaye.

27 Januari

Siku nzima na Cicero, yule wakili na msemaji wa Roma ya kale, na sijutii.

Mwaka 80 KK, akiwa na umri wa miaka ishirini na sita, alimtetea Sextus Roscius wa Ameria, mji mdogo wa Umbria, aliyeshtakiwa kumuua baba yake. Baba alikuwa na mashamba kumi na matatu, karibu yote kando ya mto Tiber, yenye thamani ya sesterti, sarafu za Kirumi, milioni sita. Baada ya mauaji, Chrysogonus, mtumwa aliyeachwa huru na Sulla, bwana mkubwa wa Roma wakati huo, alidai ameyanunua yote kwa sesterti elfu mbili. Mwenye macho haambiwi tazama. Lakini mwendesha mashtaka alihitaji sababu ya mtoto kumuua mzazi, akaitafuta shamba: huyu baba yake alimchukia, ndiyo maana alimwacha aishi huko mashambani na mwanawe mwingine akamweka karibu naye.

Yaani kuishi shamba kumegeuzwa ushahidi wa chuki. Cicero analigeuza lile lile. Baba anampa mwanawe mashamba ayasimamie, hiyo ni adhabu au ni heshima? Halafu unakuja mstari ambao nimeuandika kwa kalamu nyekundu: vita autem haec rustica, quam tu agrestem vocas, parsimoniae, diligentiae, iustitiae magistra est. Maisha haya ya shamba, ambayo wewe unayaita ya porini, ni mwalimu wa uwekevu, wa bidii na wa haki.

Ona alivyoyatenganisha. Rustica na agrestis. Agrestis imetoka kwenye ager, konde, na kwa asili ingepaswa kuwa jirani mwema wa rusticus. Lakini imezoea kukaa na wanyama wa mwitu na majani yasiyopandwa, na mtu akiitwa agrestis ana ukali ndani yake, kitu ambacho hakijatiwa mkononi. Mshtaki anataka jaji aone pori. Cicero anataka aone shamba lililolimwa. Kesi nzima imekaa kwenye vivumishi viwili.

Nilitaka kufunga daftari hapo, nikiwa na fasili safi: rusticus nzuri, agrestis mbaya. Bahati mbaya nikaendelea kusoma. Miaka ishirini na mitano baadaye, Cicero huyohuyo, sasa bwana mkubwa, anaandika juu ya ufasaha na kuwacheka watu wanaopenda rustica vox et agrestis, sauti ya kishamba na ya kiporini, wakidhani inawafanya wasikike kama wazee wa zamani. Yale maneno mawili aliyoyatenganisha mahakamani ameyafunga kamba moja.

Alikuwa mtu wa Arpinum, si wa Roma. Nadhani hilo linaeleza mengi. Aliyehamia mjini ndiye anayejua zaidi lafudhi ipi ichekwe.

2 Februari

Nimempigia Padri kuhusu umbo la kulinganisha.

"Tumsifu Yesu Kristo, Padri."

"Milele amina. Umekula?"

"Nimekula. Padri, nina rusticius ya Horatius hapa, yule mtu aliyenyolewa vibaya."

Kimya kidogo. Mahali penyewe pako hivi: Horatius, mshairi wa Roma, anatutaka tuwavumilie rafiki zetu. Chukua mtu, anasema, anayeweza kuchekwa kwa sababu amenyolewa kishamba zaidi, rusticius tonso, toga yake, lile vazi la Warumi, inaburuta, na kiatu kilicholegea kinapwaya mguuni. Lakini ni mwema, hakuna mwema kumpita, lakini ni rafiki yako, lakini ndani ya mwili huo usiopambwa imejificha akili kubwa.

"Unakumbuka nilipowafundisha shairi lile?" Padri akauliza.

Nikasema nakumbuka, ila sikumbuki kiatu. Nakumbuka nywele na toga tu.

"Hukikumbuki kwa sababu nilikiruka."

Nilifika seminarini na viatu vyeusi ambavyo shangazi alininunulia mnadani, namba mbili zaidi ya mguu wangu, kwa hoja kwamba nitakua. Mbele tulijaza magazeti. Nikitembea kwenye sakafu ya saruji vilipiga makofi, na wenzangu waliotoka mjini walikuwa wakinihesabia hatua. Mshamba ndilo lilikuwa jina langu mpaka likizo ya Juni. Padri alikuwa anaona. Alipofika kwenye mstari wa kiatu akapitiliza, miaka yote hii sikujua.

"Sasa wewe utatafsirije?" akauliza, kama vile hajasema lolote.

Nikasema rusticius pale ni kielezi, na Kiswahili tunacho tayari: kishamba. "Amenyolewa kishamba." Akakubali. Akaongeza kwamba niangalie vizuri ngazi zetu, maana Kiswahili kimegawanya kazi ambayo Kilatini kimemtwika neno moja. -A shamba halina ubaya: kuku wa shamba, na mtu akimsikia mate yanamtoka. Mshamba ni tusi. Kishamba karibu kila mara ni tusi. Ushamba ni tusi lililokwisha kuwa tabia. Mlatini analo rusticus peke yake kwa yote mawili, na msomaji aangalie uso wa msemaji.

Na uso huo kwenye karatasi haupo, Padri. Ndiyo shida yetu.

6 Februari

Rusticitas, ile nomino. Ushamba. Nimechukua wawili tu.

Ovidius, mshairi na mtoto wa mjini kabisa hata kama alizaliwa Sulmo, anawaambia wanawake wa Roma wajipambe kwa sababu siku hizi kuna unadhifu, na ule ushamba uliodumu baada ya mababu haukufika zama zetu. Kwake rusticitas ni mavumbi ya kale, na wakati mwingine ni haya iliyozidi, ya binti asiyejua mambo.

Karibu miaka mia baadaye, Plinius Mdogo, mwandishi wa barua, ameombwa amtafutie binti mmoja mume. Anampendekeza kijana wa Brixia, Brescia ya leo, na sifa anayoutolea mji huo ni kwamba unatoka kwenye ile Italia yetu ambayo bado inahifadhi haya nyingi, uwekevu mwingi, na hata rusticitas ya kale. Neno lilelile, sasa ni mahari. Kuna jambo lililonichekesha peke yangu saa tano usiku: babake yule binti, aliyeuawa wakati wa Kaisari Domitianus, aliitwa Arulenus Rusticus.

Katikati yao nimeweka kijineno cha Cicero ninachokipenda kuliko vyote: subrusticus. Sub- hupunguza, kama chumvi iliyopita haraka juu ya mchuzi. Anamwandikia rafiki yake Lucceius kumwomba aandike historia ya ubalozi wake, samahani, ya ukonsuli wake (Padri ataisoma hii, bora nijisahihishe mwenyewe). Anakiri kwamba wakiwa uso kwa uso alizuiwa na pudor quidam paene subrusticus, haya fulani karibu ya kishamba-shamba. Kisha anasema barua haioni haya. Kishamba-shamba! Urudufishaji wetu umefanya kazi ya sub- bila hata kutoka jasho. Hicho kidahizo nimekipaka kijani papo hapo bila kupita darasani. Kanuni imevunjwa, nimekiri.

14 Februari

Villa rustica. Nilidhani ni nusu saa.

Kwenye rasimu ya zamani iliandikwa "nyumba ya shamba". Si makosa. Ila Columella, mtu wa Gades huko Hispania aliyeandika vitabu kumi na viwili juu ya kilimo katika karne ya kwanza, anaigawa nyumba ya shamba mafungu matatu: urbana, rustica, fructuaria. Fungu la fructuaria ni ghala la mafuta, divai na nafaka. Fungu la rustica ni la watu wa kazi na mifugo: jiko kubwa lenye dari ya juu, vyumba vya watumwa, mazizi. Na fungu la urbana, "la mjini", ni vyumba vya mwenye shamba. Liko hukohuko shamba, hatua chache kutoka zizini, lakini linaitwa la mjini, kwa sababu bwana akija anakuja na mji wake.

Kwa watumwa waliofungwa minyororo Columella anashauri chumba cha chini ya ardhi chenye afya kadiri inavyowezekana, chenye madirisha mengi membamba yaliyowekwa juu mkono usipofika. Hilo nalo liko chini ya neno rustica. Nimeliandika kwa sababu mwanafunzi akiona picha za villa za watalii atadhani ni bustani na mizabibu tu.

Warumi waligawa hata watumwa wenyewe: familia urbana, waliohudumu kwenye nyumba ya mjini, na familia rustica, waliolima. Aliyehudumu mjini kitisho chake kilikuwa kupelekwa shamba. Mchezo mmoja wa kuchekesha wa Plautus unafunguliwa na watumwa wawili wakitupiana maneno mlangoni, wa mjini amejipaka manukato, wa shamba ananuka kitunguu saumu, na wa mjini ndiye anayemwita mwenzake rusticus. Wote wawili mali ya bwana mmoja.

Nilisimama hapo nikaenda kutengeneza chai, kwa sababu ghafla hatukuwa Roma tena. Mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba, yaliyopanuka wakati wa Sayyid Said, yalilimwa na watumwa. Mjini walikaa waungwana, na mwungwana maana yake ya kwanza ni mtu huru asiye mtumwa. Ile ya adabu nzuri imekuja juu yake. Tukisema leo "fanya kiungwana" na "acha ushamba", tunadhani tunazungumzia tabia. Chini yake kuna ramani: nani alikaa wapi, na nani alikuwa wa nani. Urbanitas, adabu za mjini, na rusticitas zimetandikwa kwenye ramani ya namna hiyohiyo.

Nimeandika: "villa rustica: nyumba ya shamba, hasa sehemu ya wafanyakazi (watumwa) na mifugo". Padri amesema mabano yakae.

15 Februari

Nimesahau jana: rusticari, kitenzi, kwenda kukaa shamba kupumzika. Cicero anasimulia kwamba Scipio na Laelius, wakubwa wawili wa Roma, walikuwa wakitoroka mjini kama waliofunguliwa pingu, wakaenda rusticari na kurudia utoto, wakiokota makombe ufukweni Caieta na Laurentum. Makombe, pwani. Mzanzibari hatashangaa kwamba hiyo inaitwa kwenda shamba.

20 Februari

Mambo mawili mafupi ya kuwapa vijana kabla hawajafikiri kwamba rusticus ni wa kudharauliwa siku zote.

Raia wa Roma waligawanywa makabila 35 ya kupigia kura: 4 ya mjini, 31 ya shamba. Yenye heshima yalikuwa ya shamba, tribus rusticae, ya watu wenye ardhi. Mtu kuhamishiwa kabila la mjini ilikuwa fedheha.

La pili ni kwa seminari hasa. Mtakatifu Justino Mfiadini alihukumiwa Roma na mkuu wa jiji aliyekuwa pia mwalimu wa Kaisari Marcus Aurelius katika falsafa ya Wastoa. Jina lake Junius Rusticus. Praefectus urbi, msimamizi wa jiji kubwa kuliko yote, jina lake Wa-Shamba. Kijana wa dawati la mbele atalipenda hili.

Ruralis pia nimeiona ikipita. Ni ya Kilatini cha baadaye, haina historia ya matusi. "-a shamba, -a vijijini", kijani, imekwisha.

26 Februari

Leo tumebishana, mimi na Padri, kwa saa nzima na vifurushi viwili vya dakika.

Mwaka 813, wakati wa Karoli Mkuu, maaskofu walikutana kwenye Mtaguso wa Tours, Ufaransa ya leo, wakaagiza kwamba kila askofu ajitahidi kuhamisha mahubiri yake in rusticam Romanam linguam aut Thiotiscam, katika lugha ya Kirumi ya kishamba au ya Kijerumani, ili wote waelewe kwa urahisi yanayosemwa. Swali: rustica hapo ni nini? Mimi nikasema "ya kishamba", kwa sababu aliyeandika ni msomi wa Kilatini fasaha na anatazama chini. Padri akasema "ya watu wa kawaida", kwa sababu maaskofu hawakuwa wanatukana, walikuwa wanashuka.

"Kushuka nako ni kutazama chini, Padri."

"Mwanangu, mimi nilihubiri miaka sita parokia ambayo bibi waliokaa mbele walikuwa hawajui Kiswahili cha vitabu. Nilijifunza kusema kama wao. Ungeniambia ninahubiri kishamba ningekupiga na kitabu cha nyimbo."

Nikanyamaza. Kuna askofu Gregorius wa Tours pia, wa karne ya 6, mji uleule, aliyeanza historia yake kwa kusema kwamba msemaji anayefalsafia hueleweka kwa wachache, asemaye kishamba hueleweka kwa wengi. Ameona haya juu ya Kilatini chake, na papo hapo amejivunia. Ni haya ya namna ya Cicero, subrusticus.

Na ile lugha ya shamba ndiyo iliyobaki na watu. Kutoka humo kikaja Kifaransa. Kile cha wasomi kikabaki vitabuni, na kwetu seminarini. Huku kwetu ilikwenda kinyume: mwaka 1928 Mombasa ilipoamuliwa lahaja ipi iwe msingi wa Kiswahili sanifu, ilichaguliwa Kiunguja, na maana yake ni Kiunguja cha mjini, Kimakunduchi na Kitumbatu, vya shamba ya kisiwa hichohicho, vilibaki nje. Padri anasema hili halimo kwenye kazi yetu. Halimo, ni kweli. Nimeliacha humu kwenye shajara.

Kwa lingua rustica tumekubaliana: "lugha ya watu wa kawaida (tofauti na Kilatini cha wasomi)". Ameshinda yeye, kwa sababu ya wale bibi.

3 Machi

Darasani tena. Safari hii sikuwapa karatasi ya fasili. Niliwapa sentensi sita na nikawaambia: kabla ya kutafsiri, andikeni pembeni nani anasema na anamwambia nani.

Ya kwanza ilikuwa panya, kwa sababu wote wanamjua tangu chekechea. Kwa Horatius, mus rusticus anamkaribisha rafiki yake wa mjini shimoni mwake maskini, anamtolea dengu alizojiwekea, shayiri, zabibu kavu moja, na vipande vya mafuta ya nguruwe vilivyokwisha kugugunwa nusu. Wote wakaandika "panya wa shamba", hakuna aliyeandika mshamba. Nikawauliza kwa nini. "Kwa sababu anayesimulia anampenda," akasema mmoja.

Ya tatu ilikuwa ya mshairi Vergilius, Rusticus es, Corydon, mchungaji anayejiambia mwenyewe baada ya kuona kwamba anayempenda hajali zawadi zake. Wakagawanyika. Nusu wakaandika "wewe ni mtu wa shamba, Corydon", nusu "wewe mshamba, Corydon". Kijana mkimya wa nyuma akasema ni mshamba, maana mtu anapojisema mwenyewe peke yake hutumia lile neno analoogopa watu watamwambia.

Sikuwa na la kuongeza.

Ya mwisho ilikuwa mbayuwayu. "Mbayuwayu wa shamba," wakasema kwa pamoja, na yule wa dawati la mbele akatazama dirishani na kupiga saluti.

5 Machi

Kidahizo kilivyopakwa kijani leo, saa nne usiku:

rusticus, -a, -um [rus]. 1 (kwa vitu, kazi, mahali, wanyama) -a shamba: res rustica, kilimo, villa rustica, nyumba ya shamba, hasa sehemu ya wafanyakazi (watumwa) na mifugo, Hirundo rustica, mbayuwayu. 2 (nomino) mtu wa shamba, mkulima. 3 (mtu wa mjini akimsema mwingine, au mtu akijidharau) mshamba, rustice, kishamba, rusticitas, ushamba. 4 (kwa sifa) mnyofu, asiye na makuu, mwenye tabia za wazee. Angalia kwanza nani anasema. Taz. agrestis, ruralis, subrusticus, kinyume: urbanus.

Mistari saba, kwa neno lililokuwa na maneno matatu. Kwa mwendo huu kamusi ndogo haitakuwa ndogo, na Padri ameshalisema hilo mara mbili. Ametaka pia urbanus iandaliwe sasa wakati mambo bado moto, isisubiri herufi U. Kijana mkimya ameomba ajaribu rasimu ya kwanza yeye. Nimempa daftari, si kompyuta.